Kopo la Sura za Mwisho

Shangazi Zuhura,

Sikusalimii. Salamu nilikupa siku ya hitima, nikakupa tena siku ya arobaini, zote hukujibu, basi leo tuingie moja kwa moja kwenye maneno. Nimekukasirikia. Nimekaa dukani kwako, kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi ulichokataa kisitengenezwe, na mbele yangu nimeweka lile kopo lako kubwa la maziwa ya unga. Nauliza mbele ya Mungu: ni mtu gani mwenye akili timamu anayekufa na kuwaachia ndugu zake kopo lililojaa miisho ya vitabu?

Wengine huachiwa cherehani. Wengine huachiwa ng'ombe, au kiwanja cha kugombania na ndugu. Mimi nimeachiwa duka la uzi na vifungo hapa Asiatique, kwenye mtaa ambao nusu ya milango imefungwa tangu wenyewe waondoke kwa ajili ya vita, na kule nyuma, ukishapita zipu na lastiki, rafu ya riwaya za watoto zisizo na sura ya mwisho. Si kitabu kimoja wala viwili. Zote! Umezikata zote kwa mkono wako.

Na watu walisema una bahati. Umekufa kwa presha, kitandani kwako Buyenzi, umeoshwa, umeswaliwa, umezikwa mchana na watu tele. Mjini humu siku hizi hiyo ndiyo bahati. Nilikaa mkekani na wanawake nikawasikia wakikuonea wivu, nikatamani kuwamwagia chai. Bahati gani? Ulikuwa na mambo hujayamaliza. Mimi nayajua kwa sababu yote yameniangukia mimi.

Acha nikukumbushe ulivyokuwa, maana nadhani wewe mwenyewe hukuwahi kujiona. Mtoto akiingia kutafuta kitabu, hukumuuliza jina. Hukumuuliza ana miaka mingapi, yuko darasa la ngapi, anasoma Kifaransa vizuri au Kiswahili. Uliendelea kuzungusha uzi kwenye kidole, ukamtazama juu ya miwani, ukamwambia, "Nani amekuudhi leo?"

Na watoto walijibu! Hilo ndilo lililokuwa linanishangaza. Mtoto ambaye nyumbani kwao hasemi hata neno alifunguka hapo kwenye kaunta kama ameulizwa na hakimu. Aliyeudhiwa na mwalimu ulimpa kile cha mapacha waliojificha kwenye behewa la pamba. Aliyeudhiwa na rafiki yake, kile cha wasichana wawili na kisima. Aliyeudhiwa na mkubwa wa nyumbani alipewa punda, bila mjadala. Anayesema hakuna aliyemuudhi ulimrudisha mlangoni: "Nenda ucheze, mwanangu. Utakuja siku umekasirika." Nilikuwa nakuambia hiyo si namna ya kumchagulia mtoto riwaya. Ulikuwa unaniambia nikupe mkasi.

Punda namkumbuka kwa sababu ulinipa mimi mwenyewe, nilipokuwa mdogo na nimemkasirikia baba kwa kuninyima ruhusa ya kwenda harusini Ruziba. Baba alikuwa kaka yako na ulimpenda, lakini siku hiyo hukumtetea. Uliniuliza nani, nikasema ni baba, ukanyoosha mkono bila hata kugeuka. Yule punda wa chumvi, siku moja anakaa katikati ya njia na kukataa, na msafara mzima unasimama, na tajiri mwenye chumvi anasimama, na mkuu wa wilaya aliyekuwa anapita zake naye anasimama. Nilicheka mpaka baba akaja kuangalia nina nini. Wakati huo vitabu vyako vilikuwa vizima. Nilifika hadi mwisho, nikajua kwa nini punda aliinuka, nikalala.

Halafu vita vikaja, na wembe ukaja.

Wenye maduka waliokuwa wanafunga na kuondoka walikuachia maboksi ya vitabu vya watoto wao, vingine vililetwa na meli kutoka Kigoma, ukavivisha vyote vipande vya vitenge hata jina lisionekane. Hilo nililivumilia. Kisha nikakuta umeketi na rula na wembe, kitabu kimelala mbele yako, unasema Bismillahi kama mtu anayechinja kuku, unakata sura ya mwisho. Nilipiga kelele. Ukaikunja sura, ukaitia kwenye kopo, ukachukua kitabu kingine.

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Mtoto anachukua kitabu, anasoma mpaka pale pasipo na kitu, anakirudisha. Anaketi kwenye benchi, anakueleza yeye anafikiri mambo yataishaje, mnabishana, ndipo unamtolea mwisho wake na anausoma palepale. Niliuliza kwa nini. Ukasema, "Kitabu isipotee." Nikaamini. Nikajisemea, huyu bibi ni bahili, basi.

Wewe ulikuwa unatafuta vifungo kwenye kopo moja kwa nusu saa, lakini katika lile kopo jingine mkono wako ulikwenda kwenye sura ya mtu bila kukosea. Hakuna alama. Hakuna jina. Ulijua kwa kichwa, ukaondoka na kichwa.

Sasa sikiliza nilivyofanya mimi. Najua hutapenda. Nimefanya kazi ofisini mpaka ofisi ikafungwa, najua kupanga vitu. Baada ya arobaini nilifungua duka, nikapangusa vumbi, nikasema kuanzia leo watoto watachaguliwa vitabu kwa utaratibu. Nikawauliza umri. Nikawauliza darasa. Nikawauliza wanapenda nini. Alikuja kijana wa Buyenzi akasema anapenda mupira, nikafurahi, nikampa kile cha timu ya kijiji na kocha kipofu. Kesho yake amekileta. Nikamuuliza kama amekimaliza. "Apana. Mupira ya ndani ya kitabu haichezeki." Akanirudishia mkononi.

Alikuja mama mmoja Mkongomani anayeuza ndagala, wale samaki wadogo, sokoni, anataka kitabu cha kumtia binti yake adabu. Nilikusikia ukiniambia sikioni kile ulichokuwa unawaambia wote, kwamba "kitabu ya adabu iko, lakini ni ya wazazi." Sikusema. Ni mteja, ananunua uzi. Nikamtafutia kitabu chenye adabu mwanzo mpaka mwisho. Binti alikirudisha siku ya tatu kama kilivyotoka, hata pembe moja haijakunjwa, akaniangalia kwa huruma. Kwa huruma, Shangazi! Mtoto wa miaka kumi na moja.

Nikasema, tatizo ni kwamba vitabu ni vilema. Nani atapenda kitu kilichokatwa? Nikamwendea fundi viatu wa pale kona, akanipa gundi yake, ile kali inayotoa machozi. Nikafunga mlango wa duka mchana kutwa, nikaanza kulinganisha kurasa, kitabu kinaishia wapi na sura gani inaanzia hapo, nikabandika. Shingo iliniuma. Vidole vilishikana. Nilikuwa nakutukana wewe na wembe wako kila baada ya kurasa chache, Mungu anisamehe, na nilipomaliza nikapanga rafu, ikapendeza, nikajiona nimerekebisha dunia.

Unajua kilichotokea. Naona unavyocheka. Mtoto anaingia, anavuta kitabu, anafungua nyuma, anasoma kurasa za mwisho akiwa wima. "Aa, kumbe anapona." Anakirudisha, anaondoka. Mwingine anachukua kitabu, na ndiyo basi, simwoni tena, wala kitabu. Kwa nini arudi? Amekwishamaliza. Benchi likabaki tupu. Wale wawili wa muuza nyama waliokuwa wanabishana na wewe mpaka wanafukuzwa, sasa wanapita nje wananipungia mkono kama wanavyompungia mtu wa benki.

Kopo nalo halikuisha. Hapo ndipo hasira ilinipanda kwelikweli. Nimebandika kila kitabu kilichokuwapo, na kopo bado lina sura nyingi tu, zimekunjwa vizuri, hazina vitabu. Nikazisoma. Mwenyewe unajua ni adhabu gani hiyo? Kuna moja inaanza, kwa hiyo mbuzi hakuwa mwizi. Mbuzi gani? Nani alisema ni mwizi? Kuna nyingine bibi mmoja anarudishiwa kiatu na kijiji kizima kinalia. Kiatu kilikwenda wapi? Kwa nini wanalia wote? Nilizisoma moja baada ya nyingine, watu wanakumbatiana, wanasameheana, wanarudi nyumbani, na mimi simjui hata mmoja wao.

Ilinichukua muda kufahamu. Mimi si mjinga, lakini nilikuwa nimechoka. Vitabu vya sura hizo havikuibiwa. Viko na watoto. Watoto wa Kamenge, wa Kinama, wa Musaga, wa Cibitoke, wa mitaa ambayo wakubwa wao hawasalimiani tena, waliokuwa wanakaa hapa kwenye benchi moja wakisukumana kwa viwiko. Walichukua kitabu wiki fulani, risasi zikalia wiki iliyofuata, wakaondoka na wazazi wao na magodoro. Wengine wako kambini, wengine wamevuka kwenda Tanzania au Kongo. Wengine sitaki kuandika. Kopo hili lina mwisho wa kila mmoja wao, umeutunza, umeukunja. Nililia, kisha nikakasirika upya. Mtu anayekuachia kitu kama hiki angalau anakuambia.

Basi nikaamua kuachana nayo yote. Mzee Rajabu, jirani yetu wa mafuta na mchele, alikuwa ameulizia ule ukuta wa nyuma tangu kabla ya arobaini, anataka kuweka magunia. Nikamwambia aje Ijumaa baada ya swala, na nyundo, avunje rafu. Vitabu nitavipeleka shule yoyote itakayovitaka. Kopo nitalitia vifungo.

Lakini sikulimwaga. Nilikuwa nimebakisha mtu mmoja.

Unamkumbuka Riziki. Nina hakika unamkumbuka, yeye ndiye wa mwisho kupewa kitabu na mkono wako. Yule binti wa Carama, kichwa kimenyolewa, magoti yana makovu, baba yake anatengeneza baiskeli, wamekuja kutoka ng'ambo, Kongo. Nilikuwapo siku hiyo, nilikuwa napima lastiki. Ulimuuliza nani amemuudhi. Watoto wengine husema mama, dada, mwalimu. Yeye alifikiri kidogo akasema, "Mupaka." Bibi yake alikuwa amebaki upande ule, na mpaka ulikuwa umefungwa tena. Uliacha kuzungusha uzi. Ulisimama, jambo ambalo hukulifanyia mtoto yeyote, ukaenda mwenyewe kwenye rafu ukamletea kile cha binti wa kivuko. Alipofika mlangoni ukamwambia, "Usikawie, ni kizuri mwisho."

Wiki hiyohiyo ukafa. Na wiki iliyofuata milio ya risasi ikaanza kule Kinama, jirani na Carama, ikaendelea, barabara ikafungwa, na watu wa Carama wakatawanyika kila mtu na njia yake. Hakuna aliyekuja dukani kutoka upande huo. Mwisho wa kivuko niliutambua mapema kwenye kopo, maana una kamba na mto, nikauweka juu kabisa. Nilijiambia simngoji mtu. Kila mtoto mwenye kichwa kilichonyolewa akipita nje nilikuwa nainua macho.

Nataka ujue nilimngoja kwa hasira. Sikuomba kumngoja mtoto wa watu. Nilikuwa nafungua duka asubuhi tayari nimenuna, nasikia mabomu kule vilimani, nafikiri, yuko wapi huyu mtoto na kitabu changu. Changu! Unaona ulivyonifanya?

Amekuja Alhamisi, siku moja kabla ya nyundo ya Mzee Rajabu. Alikuwa amevaa viatu vya mtu mzima, amefunga kamba visimtoke, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walikimbilia Ruziba, kwa watu wa kanisa lao, wanalala kwenye banda la wavuvi. Ametembea kutoka huko. Hakusema habari. Alisema, "Shangazi iko wapi?" Nikasema hayupo. Ni kweli, hukuwapo. Akasema, "Nimekuya kuchukua mwisho yangu."

Nikamwambia alete kitabu. Usinitazame hivyo, hiyo ni sheria yako, si yangu. Akakwaruza kaunta kwa ukucha. "Kitabu ilibaki. Nyumba imeungua." Kisha akainua kidevu. "Lakini mi naijua yote. Nitakuelezea."

Akaanza kusimulia. Hapo, amesimama, hajapewa hata maji. Alianza na asubuhi baba anapoumia mkono na binti anashika kamba ya kivuko mara ya kwanza. Akaeleza mto, na vijiji viwili vilivyogombana, na jinsi kila upande unavyotaka binti asiwavushe wa upande wa pili, na yeye anavyowavusha wote na kuwatukana wote. Nilikuwa na fundi cherehani aliyekuja kutafuta zipu ya sketi, mtu mwenye haraka zake. Aliweka zipu chini. Riziki akisimama kuvuta pumzi yeye anasema, "Kisha?" Akaeleza usiku wa mtu mwenye panga aliyekuja kukata kamba. Alieleza hiyo sehemu polepole, anaangalia sakafu. Alipofika pale ulipokata, alikatika naye. "Ni hapo," akasema.

Nilifungua kopo nikampa.

Alisoma amekaa kwenye benchi, midomo inacheza. Nilikuwa namtazama kwa wizi, nangoja machozi, nangoja tabasamu, chochote. Alimaliza. Akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma. Akaanza tena juu. Kisha akaniangalia kana kwamba nimemuuzia nazi iliyooza.

"Wanajenga daraja?"

Nikasema inaonekana hivyo.

"Na kivuko inakuwa nyumba ya kuku?" Alisimama. "Ye amepigana na watu wote, amelinda kamba, kisha kivuko yake ni ya kuku? Mi nimetoka Ruziba na miguu kwa sababu ya kuku?"

Shangazi, nilicheka. Tangu tukuzike sikuwa nimecheka. Nilicheka mpaka fundi wa zipu naye akacheka, na Riziki alikuwa amenuna, amekunja ngumi, hataki mzaha. Akaikunja sura yake, akaketi tena benchini, akaweka mikono magotini. "Nitangoja Shangazi arudi. Niko na maneno na ye."

Hapo sikuwa na pa kujificha. Nilitoka nyuma ya kaunta, nikakaa kando yake, nikamwambia. Nilisema umefariki, nikasema ni presha, nikasema ni wiki ileile uliyompa kitabu.

Hakulia. Alitazama kiti chako. "Mbele nimalize?" Nikasema ndiyo, kabla hajamaliza kitabu. "Alijua siyamaliza kusoma," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. Nyumba imeungua hakupandisha sauti. Ametembea njia yote ile hakulalamika. Lakini hili lilimshinda.

Sikujua nimfanyie nini. Mtu mwingine angemkumbatia. Mdomo ulijifungulia wenyewe, na naapa sikuuamuru. Nikamuuliza, "Nani amekuudhi leo?"

Akanyoosha kidole kwenye kiti chako. "Ye."

Nikasema, "Na mi pia."

Tukakaa hapo wawili, tumekukasirikia. Fundi wa zipu alitoka taratibu, nadhani alimaliza shida zake kwa pini.

Baadaye niliinuka nikaenda kwenye rafu, na mkono ulikwenda bila kutafuta. Aliyeudhiwa na mkubwa wa nyumbani hupewa punda. Nilimweleza kidogo tu, kuhusu chumvi na njia, na namna anavyokaa. Nikaona anataka kuuliza na anajizuia. Nilikuwa nakaribia kumpa, nikakumbuka kwamba nimeshabandika mwisho.

Nilisimama nacho mkononi. Nje ilikuwa saa nane, jua kali, mtoto ana safari ya kurudi Ruziba kwa miguu, kwenye banda la wavuvi, na kesho au keshokutwa huenda wakahama tena. Nikimpa kitabu kizima atakisoma, atakimaliza, atakuwa na furaha yake popote alipo, na hana sababu ya kuja tena hapa kwangu. Nikatambua kwamba nataka aje. Sikutaka kitabu, Shangazi. Kitabu kingeweza kuungua kama kile kingine. Nilitaka kumwona huyu mtoto akiingia mlangoni na vumbi lake.

Ungeweza kusema tu. Hadija, nakata ili warudi. Maneno matatu! Miaka yote hii unaniacha nadhani wewe ni bahili wa karatasi. Hilo sijakusamehe, na sioni nitakusamehe lini.

Nilichukua wembe. Nikasema Bismillahi. Na gundi ya fundi viatu, ambayo viatu vyangu mwenyewe haijawahi kuvishika wiki mbili, ilishika kitabu kama simenti. Nilikwaruza, nikavuta, nikachana ukurasa mmoja katikati, nikatukana, mtoto akanitazama kwa mshangao. Sura ikatoka imechakaa lakini imetoka. Nikaikunja, nikaitia kwenye kopo mbele ya macho yake, nikafunga kifuniko.

"Nitarudi lini?" akauliza. Nikasema ukifika pasipo na kitu. "Na kama njia imefungwa?" Nikasema itafunguliwa, na ikifungwa tena itafunguliwa tena, na kopo halina haraka. Alifikiri. "Mi naona punda anainuka kwa sababu amechoka kukaa." Nikamwambia aje aniambie hayo akishasoma. Nikampa mkate na maji, nikamfunga kamba za viatu upya. Alipofika mlangoni nilisikia sauti yangu inasema asikawie. Kwamba ni kizuri mwisho sikusema, maana atakuja kunigombeza huyu, ana maoni mengi.

Ijumaa Mzee Rajabu alikuja na nyundo. Nikamwambia ukuta umekwisha kupata mtu. Akaangalia rafu, akaangalia kopo, akaangalia wembe, akasema nimekuwa kama wewe. Nimelichukua kama tusi na nimemnyima chai.

Sasa nakaa na kukata. Narudisha nyuma kazi yangu yote, kitabu kimoja baada ya kingine, vidole vimejaa gundi, na kila sura inayotoka nakusengenya. Watoto wa muuza nyama wameanza kuingia tena. Nawauliza nani amewaudhi, wanasema ni mimi, kwa kukata. Nimewapa nakala ya pili ya punda, ile ya Kifaransa. Benchi lina kelele. Zile sura zisizo na vitabu sizigusi. Mbuzi asiye mwizi yuko palepale, na bibi mwenye kiatu. Mwenyewe akija leo, au akija ana watoto wake, atakuta nimemwekea, na hata akija mikono mitupu nitasema kaa, nisimulie, anzia pale mwanzo maana mimi mwenyewe nakufa kwa kutaka kujua huyo mbuzi alifanya nini. Hiyo ni ahadi, na ahadi za watu wenye hasira hudumu kuliko za wengine.

Basi, Shangazi. Mungu alipanue kaburi lako na atie nuru humo. Na kama huko uliko kuna vitabu, namwomba akupe vyote, vizuri, vinene, vyenye punda na mito, ila kila kimoja kikose sura ya mwisho, nawe uonje kidogo. Keti unune. Sura zako nitakuletea mimi siku nitakayokuja, lakini usinitazamie mapema. Namngoja Riziki kwanza.

Hadija, mtoto wa kaka yako